Nilizima friji nimsikie mtoto akipumua, maziwa nayo yakakataa kutoka

Wakuu, hamjambo nyote. Na nyinyi mnaosoma kimya kimya bila kuacha hata like, nawaona pia.

Hii stori ni yangu. Si ya rafiki yangu, si ya binamu ya jirani. Imenipata mimi, kwa mwili huu huu, hapa Eldoret, na sijatia chumvi. Mahali nimesahau nitasema nimesahau.

Kilichonisukuma kuandika ni yule dada aliyeuliza hapa juzi mbona maziwa yake hayatoki vizuri na mtoto analia. Nilisoma majibu yenu yote. Uji wa wimbi. Uji wa njugu. Supu ya mifupa. Mmoja akamwambia aache simu. Nikasema, hawa watu watamzamisha huyu dada kwa uji.

Dada, kama unasoma, mimi pia nilikunywa huo uji. Nilikunywa mpaka nikitembea nasikika.

Kidogo kunihusu ndio tuende pamoja. Nauza kwa agrovet mjini: dawa ya kupe, dairy meal, mbegu, chumvi ya ng'ombe. Nimezaliwa kule ziwani, nimeolewa huku juu, kwa watu wa Kapseret. Mume wangu Kibet ni mwalimu wa shule ya bweni Baringo, kwa hivyo nyumbani ni mtu wa wikendi. Sisi wawili tumepanga Kiplombe.

Sasa twende.

Binti yetu Cherotich alizaliwa kwa operesheni ya dharura. Jina lenyewe ni la mtoto wa kike aliyezaliwa jioni, saa ng'ombe wanarudi nyumbani. Jina zuri. Lakini hiyo jioni yenyewe haikuwa nzuri.

Walimtoa, nikahisi ule mvuto wa ajabu tumboni ambao wenzangu mliopitia theatre mnaujua, halafu nikangoja kusikia kilio.

Hakulia.

Sijui ilikuwa muda gani. Wakisema dakika, nitakubali. Wakisema mwaka, pia nitakubali. Nakumbuka taa ile kubwa, nakumbuka viatu vikikimbia, nakumbuka mtu akisema "lete hapa, lete hapa". Wakambeba wakaenda naye chumba cha pili. Nililala pale nimeshika pumzi, maana niliona nikipumua nitafunika sauti yake.

Baadaye wakaniambia alilia. Alilia huko chumba cha pili, vizuri tu, kila mtu akacheka kwa furaha. Daktari alisikia. Manesi walisikia. Kibet alisikia akiwa nje kwa korido.

Mimi sikusikia.

Nilipewa mtoto mzima, mwenye afya, mwenye nywele za kumwaga. Kila mtu akasema tushukuru Mungu, na nilishukuru, kweli. Lakini kuna sehemu yangu ilibaki pale chini ya ile taa, bado inasikiliza.

Tulirudi Kiplombe, na nikaanza kazi mpya ya kusikiliza mtoto.

Mtoto akilala, mimi naweka sikio. Watoto wachanga wana ile tabia ya kupumua haraka haraka, halafu kimya kidogo, halafu wanaanza tena. Madaktari wanasema ni kawaida. Basi kila ile "kimya kidogo" ilikuwa inanirudisha theatre. Moyo unapiga mpaka nauhisi kwa meno.

Nikaanza kuzima vitu. Redio kwanza. Halafu nikamwomba jirani apunguze muziki wake, na akapunguza, maana aliniona macho. Halafu saa ya ukutani nikaitoa betri.

Mwisho nikazima friji.

Friji yetu ni ya zamani, inavuma. Nilikuwa nikisimama juu ya kitanda cha mtoto nasikia friji badala yake. Nikaichomoa. Nyama ikaharibika, mboga zikaharibika, sikujali. Kibet alipokuja wikendi akauliza mbona friji imezimwa. Nikamwambia imeharibika. Ningemwambia nini? Kwamba inapumua kwa sauti kuliko mtoto?

Nyumba ikawa kimya kabisa. Nikikumbuka ile nyumba sasa naiona kama ndoto ya mchana: pazia limefungwa, mwanga wa rangi ya chai ya maziwa, mimi nimesimama bila viatu katikati ya chumba, mdomo wazi kidogo, sitingishiki.

Na maziwa yakaanza kukataa.

Nieleze vizuri hapa kwa sababu wengi mnachanganya. Maziwa yalikuwepo. Nilikuwa nimejaa, naumia, nashindwa hata kulalia upande. Tatizo lilikuwa kutoka. Mtoto ananyonya, ananyonya, anavuta, anaachilia, ananiangalia kama mtu aliyepiga foleni benki na network imepotea, halafu anapasua kilio. Narudisha. Anavuta tena. Matone tu.

Kliniki wakampima. Ule mstari wa uzito uliotakiwa kupanda ukalala chali. Wakasema tuangalie, rudi tena. Na kama haitabadilika tutaongezea maziwa ya kopo.

Wakuu, maziwa ya kopo si dhambi. Naliweka wazi kabla hamjanirukia. Dada yangu alilea mapacha kwa kopo na sasa wanakimbiza kuku wa watu.

Lakini mimi nilikuwa nimekosa kilio cha kwanza. Nilikosa kumshika kwanza. Kunyonyesha ndicho kitu nilichobaki nacho ambacho ningefanya na mwili wangu mwenyewe, na sasa huo mwili unafunga mlango. Nililia hiyo siku kwa boda yote kutoka kliniki hadi nyumbani. Mtu wa boda, Mungu ambariki, aliendesha pole pole tu.

(Ngojeni, ameamka.)

Nimerudi. Alitaka tu kuhakikisha niko.

Kibet akaamua twende kwa mama yake Kapseret nipate mtu wa kunisaidia. Mama mkwe wangu ni mjane, anaishi na ng'ombe wake na mahindi yake, si mbali na airport. Tangu mtoto azaliwe sote tunamwita Kogo, ndivyo nyanya anavyoitwa huku.

Kogo si mtu wa maneno. Aliniangalia, akamchukua mtoto, akaniambia, "Karibu, mama Cherotich. Lala." Na hiyo ndiyo hotuba yote niliyopata wiki ya kwanza.

Kapseret asubuhi ukungu unalala chini hadi huoni miguu ya ng'ombe, unaona migongo tu ikielea. Mara ndege inashuka, huioni, unasikia tu mbingu inaburutwa. Kila ndege ikishuka mimi naruka. Ng'ombe wanaendelea kula, kuku wanaendelea kuchakura, mimi ndiye naruka.

Kogo ana ng'ombe mmoja wa maana anaitwa Lelgut, kwa ajili ya ule mdomo wake mweupe. Friesian mkubwa, mwenye dharau. Lelgut ana sheria zake. Hakamuliwi na mtu mwenye haraka. Hakamuliwi na Kibet hata kidogo, wawili hao walikosana siku Kibet alipomshika pua achanjwe, na Lelgut hajasahau. Na Kogo pia ana sheria yake juu ya hizo za ng'ombe: saa ya kukamua hakuna ugomvi kwa boma. Kama una neno na mtu, liache hapo kwa geti, utalichukua ukirudi.

Halafu Kogo akikamua anavuma.

Si wimbo wenye maneno. Amefunga mdomo, sauti inatokea kifuani na puani, mmmmm ndefu, inashuka, inapanda kidogo, inaisha, anavuta hewa, anaanza tena. Asubuhi na jioni. Na banda la kukamulia liko nyuma tu ya chumba nilichopewa.

Nitakuwa mkweli, ilinikera. Nilikuwa nimezima friji Kiplombe, na sasa nimeletewa friji inayotembea. Kogo akivuma sisikii mtoto. Siku moja nikajikaza nikamwuliza kwa heshima, "Kogo, lazima uvume kila siku?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Na nisipovuma, hii Lelgut itatupatia nini? Mkia?"

Nikarudi ndani bila kubishana. Kwanza ni mama mkwe. Pili, alikuwa amesema ukweli ambao mimi huuza.

Maana sikilizeni. Kazi yangu ni gani? Kila wiki kuna mtu anakuja kwa duka analalamika ng'ombe ameficha maziwa. Na mimi, nimeegemea kaunta na apron yangu ya kijani, namwambia: usimpigie kelele, usimfukuze na mbwa, usibadilishe mkamuaji ovyo, ng'ombe akishtuka anamwaga adrenalini na maziwa hayashuki hata kiwele kikijaa. Nimesema hivyo mpaka nimechoka kujisikia.

Na mimi nimejaa, nimeshtuka tangu theatre, nakunywa uji.

Hiyo akili ilikuwa wapi? Iliachwa kwa kaunta na apron.

Tukarudi kliniki. Safari hii tulipata sista mwingine, mtu wa kwetu ziwani, mama wa makamo, mwenye miwani ya kuning'inia. Uzito ulikuwa bado. Hakunigombeza. Akasema, "Mnyonyeshe hapa nione."

Nikaketi, nikamweka mtoto. Sista akavuta kiti, akaniangalia. Si mtoto, mimi. Kwa muda mrefu hadi nikaanza kuona aibu.

Halafu akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa maishani.

"Mama, wewe unapumua saa ngapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akasema, "Nimekuangalia. Unavuta hewa, unaishika, unasikiliza. Unaachilia kidogo, unaishika tena. Mwisho wa pumzi hufiki. Unasikiliza nini?"

Wakuu, nililia mbele ya huyo mama kama mtoto. Nikamwambia yote. Taa, viatu, kimya, friji. Friji ndiyo sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Akanishika mkono, akanieleza. Naandika nilivyoelewa mimi, wenye taaluma mnirekebishe kwa upole.

Kuna neva ndefu inatoka chini ya ubongo, inapita shingoni, inafika kwa moyo, kwa mapafu, hadi tumboni. Inaitwa vagus. Moja ya kazi zake ni kuambia moyo upunguze mwendo. Ukivuta hewa moyo unaharakisha kidogo. Ukiitoa, hasa ukiitoa pole pole, hiyo neva inaushika moyo mkono na kuupunguza.

Na habari haziendi upande mmoja. Neva hiyo inabeba habari nyingi sana kutoka mwilini kwenda juu. Ndiyo inayoambia ubongo huku chini kukoje. Ukiwa umeshika pumzi na moyo unapiga mbio, ubongo unapata habari kwamba bado kuna hatari, basi unaendelea kuagiza homoni za stress, adrenalini na kotisoli. Na adrenalini ikijaa, ile homoni ya kushusha maziwa inazuiwa.

"Kwa hivyo mwili wako haujakukataa," sista akasema. "Unakulinda. Hakuna mtu amewahi kuuambia kwamba ile siku imeisha."

Hiyo sentensi nimeibeba hadi leo.

Akaniambia nijaribu kutoa pumzi ndefu, pole pole, kabla na wakati wa kunyonyesha. Nikishindwa nivume, maana mtu akivuma pumzi inatoka ndefu yenyewe bila kulazimishwa, na ule mtetemo wa kooni na kifuani unatuliza. Akasema si muujiza, wengine wanahitaji msaada zaidi, na kwamba nirudi tuongee hata kama maziwa yatatoka. Uzito usipopanda safari ijayo, tunaanza kopo, na hakuna mtu atalia.

Nikasema sawa. Ndani nilikuwa nimekasirika. Nivume? Mimi? Kwaya ya shule iliniondoa kwa upole mkubwa, wakanipa kazi ya kubeba viti.

Halafu kulikuwa na sababu nyingine ambayo sikumwambia sista. Nikivuma, nitamsikiaje mtoto?

Basi nikatafuta njia ya mkato, kama Mkenya. Nilisimama nyuma ya banda, nikamrekodi Kogo kwa simu akikamua. Nikasema nitaweka hiyo recording nikinyonyesha, sauti chini. Kwani si ni mtetemo tu?

Nikaiweka. Nikakaa. Mmmmm ya Kogo ikatoka kwa simu. Na mimi nikashika pumzi, nikasikiliza kwa chini yake kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani.

Matone.

Nikajaribu pia app ya kupumua, ile ya duara inayokua na kupungua. Duara likawa linanisubiri. Nikahisi nimechelewa. Nikaizima na matusi madogo.

Ikafika Jumamosi moja. Siku chache tu zilibaki turudi kliniki. Kulikuwa na sherehe ya uchumba wa mtoto wa dada yake Kogo upande wa Nandi, na Kogo lazima awepo. Alivaa vizuri, akaniambia jirani fulani atakuja kumkamua Lelgut jioni, Lelgut anamjua. Kibet alikuwepo. Kogo akaenda.

Jioni ikanyesha. Mnaoijua Uasin Gishu mnajua mvua yetu, haiombi ruhusa. Barabara ikawa matope, jirani akapiga simu, hawezi kuvuka. Lelgut akaanza kulia bandani. Kiwele kimejaa hadi kinang'aa.

Kibet akavaa gumboots, akaenda kwa ujasiri. Akarudi haraka akishika goti.

"Ni wewe," akaniambia. "Mimi hanitaki."

Nikamwangalia mtoto amelala. Nikamwangalia yeye. Nikamwambia asimwondolee mtoto macho. Akaniambia, "Mama Cherotich, nenda. Niko na yeye."

Nikaenda, na kila hatua shingo yangu ilikuwa imegeuka nyuma.

Bandani kulikuwa na giza lile la mvua, kijivu na joto. Nikaosha kiwele, nikapaka mafuta kwa chuchu, nikakaa kwa kigoda cha Kogo. Nikaweka simu juu ya ubao, nikawasha recording. Mmmmm.

Lelgut akageuza kichwa. Akaangalia simu. Akaniangalia mimi. Nawaapia, aliniangalia vile mteja ananiangaliaga nikimwambia bei mpya ya dairy meal.

Nikakamua. Hakuna. Nikakamua tena. Mikono yangu ilikuwa migumu, mabega yako kwa masikio, na nilikuwa nimeshika pumzi. Safari hii nilijiona. Nilijiona kabisa, kama vile sista ameketi pale kwa majani na miwani yake.

Nikazima simu.

Na sasa mvua ikazidi. Wakuu, mvua ya mabati. Nyumba ni hatua chache, lakini ilikuwa kama iko Turkana, nisingesikia chochote. Sikuwa na cha kusikiliza. Nilikaza masikio kwa mazoea, na mvua ikayajaza.

Niliogopa sana. Nasema wazi. Nilihisi nikiacha kusikiliza hata kidogo, kule ndani atanyamaza, na itakuwa ni kwa sababu sikuwa makini. Ndivyo nilivyoamini muda wote huo, kwamba anapumua kwa sababu nasikiliza.

Lelgut akapiga mguu chini. Naye alikuwa anaumia. Nikajua vile anavyohisi, hilo sikuhitaji sista kunieleza.

Nikaegemeza paji la uso kwa ubavu wake. Nikafunga mdomo. Nikavuma.

Ilitoka mbaya. Ilikatika katikati kama pikipiki ya mafuta machafu. Nikavuta hewa nikaanza tena. Mmmmm. Safari hii nikaiacha iende mpaka mwisho wake, na kule mwisho nikakuta mahali ambapo sikuwa nimefika tangu theatre. Pumzi imeisha, hakuna kitu, na hakuna kibaya kimetokea. Halafu hewa ikaingia yenyewe.

Nikavuma tena.

Ubavu wa Lelgut ulikuwa na joto, na ndani tumbo lake lilikuwa linanguruma kwa utulivu, mambo yake ya majani. Sauti yangu ilikuwa inatetemesha mfupa wa kifua, inapita shingoni, inaingia kwa paji la uso, inaingia kwa ng'ombe. Sikujua tena ipi ni yangu. Mvua juu, ng'ombe mbele, mimi katikati. Mabega yakashuka bila kuambiwa. Moyo nikausikia ukipunguza, pole pole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani na amejua ngazi ni salama.

Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba Kogo hamvumii ng'ombe peke yake. Labda hata yeye hajui. Anajituliza yeye, na mikono yake inampelekea Lelgut habari.

Na maziwa yakaja. Kwanza uzi mmoja mwembamba kwenye ndoo, tiii. Halafu mwingine. Halafu ile sauti nzito, shuu, shuu, maziwa yakigonga povu.

Sijui nilikaa hapo muda gani. Niliona theatre, lakini kwa mbali, kama picha ya nyumba ya watu. Nilimwona mama yangu kule ziwani akianika omena. Niliona friji yangu, mlango wazi, peke yake Kiplombe, nikaihurumia. Nilikuwa macho kabisa na nilikuwa naota.

Mvua ikapungua nisitambue.

Halafu mlango wa banda ukafunguka, na Kibet amesimama pale amemfunika mtoto kwa leso, na mtoto analia. Si kile kilio cha kunung'unika. Kilio cha njaa, cha mwenye boma, mdomo wazi wote, uso mwekundu, ngumi zimekunjwa. Lelgut mwenyewe aligeuza masikio.

Kibet akasema, "Amelia kutoka kule ndani mpaka hapa. Nimekuita. Hukusikia?"

"Sikusikia," nikasema.

Na kabla sijainuka, kabla sijamgusa, nikahisi blauzi yangu imelowa. Pande zote mbili. Yanamwagika yenyewe, kwa sauti yake tu.

Alinyonya pale pale, mimi juu ya kigoda cha Kogo, nimeegemea nguzo, ndoo imejaa miguuni. Na nilisikia anameza. Anameza, jamani, gulp, gulp, yanampita mpaka yanamwagika shavuni. Mimi navuma, yeye anameza. Kibet akaketi kwa majani na suruali yake safi, akawa anafuta macho na kona ya leso.

Nilimlilia hapo yule mtoto wa theatre. Kilio chake cha kwanza walikisikia watu wengine. Hiki kililetwa kwangu mlangoni, kikubwa kuliko nilivyowahi kukiota, na alikuwa amepumua na kulia na kuwa hai muda huo wote bila mimi kumsikiliza.

Kogo aliporudi kesho yake akaangalia ndoo, akamwangalia Lelgut, akaniangalia mimi. "Ulimfanyaje?"

"Nilivuma, Kogo."

Akatikisa kichwa polepole. "Na sauti hiyo yako? Lelgut ni mvumilivu."

Kliniki mstari ukapanda. Haukuruka, ulipanda tu kidogo, na sista akavua miwani akasema hiyo inatosha kwa leo. Nilirudi kwake mara kadhaa tukaongea kuhusu theatre. Siku zingine bado nashtuka. Siku zingine maziwa bado yanachelewa, navuma kama mwehu jikoni. Haikuisha kama filamu, ilianza tu kuisha.

Nilichojifunza nitakisema kifupi. Mwili hauelewi ukiambiwa tulia. Mimi niliambiwa tulia na watu wote, hata pasta. Unaelewa pumzi. Hiyo neva inasikiliza kinachotendeka, sio kinachosemwa.

Dada uliyeuliza: usiache kliniki, usijilaumu, na kama itafika kopo, mpe mtoto kopo ukiwa umetulia. Uji kunywa kama una njaa.

Na wenye kumwambia mzazi "wacha kuwa na stress", tafadhalini. Mshikieni mtoto, aende hata bandani kidogo.

Tumerudi Kiplombe sasa. Siku ya kwanza, kabla hata sijafungua mizigo, niliirudisha friji kwa soketi. Ikakohoa, ikatetemeka, ikaanza kuvuma. Kibet akashangaa, "Kumbe haikuwa imeharibika?"

Nikamwambia ukweli wote, hapo hapo jikoni. Akanishika, na tukasimama tu tukiisikiliza.

Iko inavuma hata sasa ninapoandika. Cherotich amelala chumba cha pili, mlango umefungwa nusu. Kutoka hapa simsikii akipumua, na niko sawa.

Karibuni kwa maoni, na wenye kejeli pia mpite. Lakini kabla hujaandika chochote, nijibu kwanza hili, hasa wewe mama unayesoma ukiwa umesimama juu ya kitanda cha mtoto: wewe unapumua saa ngapi?